Jasho Letu na Nafasi ya Mwenzetu

 

Katika mafundisho ya vijana liliulizwa swali ambalo halikwisha siku ile, nasi tuliahidi kulijibu katika kurasa hizi. Swali ni hili: mtu akifanya kazi kwa bidii miaka mingi, akapata nafasi kwa jasho lake, kisha akamwachia mwenzake nafasi hiyo, je, amefanya jambo jema au amefanya ujinga?

Hili si swali la watu wa shule peke yao. Sisi tunaoishi katika makazi haya tunalijua neno "nafasi" kuliko watu wengi. Kuna nafasi ya mtoto kwenda sekondari. Kuna nafasi ya kujifunza cherehani au useremala. Kuna nafasi kwenye foleni ya maji, nafasi ya kazi ya siku chache kwenye shirika, nafasi ya uongozi katika kwaya na katika baraza la kanisa. Karibu kila kitu kinakuja kwa orodha, na orodha daima ni fupi kuliko watu. Kwa hiyo aliyepata nafasi huishika kwa mikono miwili, wala hatumlaumu.

Siku ile tulisikia majibu mawili. Wa kwanza walisema: ni ujinga. Jasho ni lako, matunda ni yako, na mwenzako naye atoe jasho lake. Wa pili walisema: ni hekima, kwa sababu ukiacha kidogo Mungu atakurudishia kikubwa. Sisi tunaona majibu haya mawili yanafanana kuliko wenyewe wanavyodhani. Yote mawili yanapiga hesabu ya faida ya mtoaji. La kwanza linasema hesabu haikubali, la pili linasema itakubali baadaye. Hakuna hata moja lililomwangalia yule mwenzake.

Ili tusijibu kwa maneno matupu, tumechukua mfano wa mtu mmoja wa Burundi ambaye wazee wetu wengi wanamkumbuka. Huyo ni Vénuste Niyongabo, mkimbiaji.

Mtu wa bidii

Niyongabo alizaliwa mwaka 1973 huko Vugizo, upande wa Makamba, kusini mwa Burundi. Mwaka 1992 alikwenda Seoul, Korea Kusini, kwenye mashindano ya dunia ya vijana, akapata medali ya fedha katika mbio za mita 1,500. Mwaka 1995 alikwenda Göteborg, Sweden, kwenye mashindano ya dunia ya wakubwa, akapata medali ya shaba katika mbio hizo hizo. Waliomtangulia siku hiyo ni Noureddine Morceli wa Algeria na Hicham El Guerrouj wa Moroko, na kila anayefuata riadha anajua majina hayo yana uzito gani.

Mita 1,500 ni mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja. Mkimbiaji wa kiwango chake huimaliza kwa dakika tatu na nusu hivi. Dakika hizo chache zina nyuma yake miaka ya kuamka alfajiri, ya kukimbia kwenye mvua na jua, ya kula kwa kipimo, na ya kukaa mbali na nyumbani. Niyongabo alifanya maisha yake ya mazoezi Italia, mbali na watu wake, wakati nchi yake inaungua. Mwaka 1996 ulipofika, michezo ya Olimpiki ikiwa Atlanta, Marekani, yeye alihesabiwa miongoni mwa watu wachache wanaoweza kupata medali ya mita 1,500. Nafasi hiyo hakupewa na mjomba wala hakuinunua. Aliipata kwa miguu yake.

Mtu aliyekosa mlango

Sasa tumtazame mtu wa pili. Dieudonné Kwizera naye alikuwa mkimbiaji wa Burundi, mkubwa kwa Niyongabo kwa miaka kadhaa, na alikuwa na kiwango cha kimataifa. Ilipofika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Kwizera hakukimbia. Ilipofika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, hakukimbia tena. Sababu haikuwa uvivu wala udhaifu wa miguu. Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki inayotambuliwa na kamati ya kimataifa, na asiye na kamati ya nchi yake hakuwa na mlango wa kuingilia. Kamati ya Burundi ilikuja kutambuliwa mwaka 1993.

Wapendwa, hapa hatuhitaji kuelezwa mengi. Mwalimu mwenye cheti ambacho hakikubaliki upande huu wa mpaka anamwelewa Kwizera. Muuguzi aliyewazalisha akina mama kwa miaka mingi, na leo anauza nyanya kwa sababu hana karatasi, anamwelewa Kwizera. Kuna watu wasio na kitu kwa sababu hawakufanya kazi. Kuna watu wengine waliofanya kazi yote, wakafika mlangoni, wakakuta mlango haupo. Mbele ya macho ya watu wote wawili wanaonekana mikono mitupu, lakini si watu wa aina moja.

Mwaka 1996 Burundi ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza. Kwizera umri ulikuwa umeshasogea, na miaka ya mkimbiaji haingoji. Hapo Niyongabo alifanya jambo ambalo ndilo tunalolijadili. Aliiacha nafasi yake ya mita 1,500, mbio alizozijua, mbio zilizompa medali, ili Kwizera akimbie. Yeye mwenyewe akaingia mbio za mita 5,000, ambazo ni mizunguko kumi na miwili na nusu, na ambazo uzoefu wake ulikuwa mdogo sana.

Bujumbura ya siku zile

Kabla hatujasema yaliyotokea, turudi nyumbani, Bujumbura, tuone mji ulikuwaje wiki zile zile.

Rais Melchior Ndadaye aliuawa mwezi wa Oktoba mwaka 1993, na tangu hapo vita iliingia. Bujumbura ule wenye ziwa mbele na milima nyuma uligawanyika mtaa kwa mtaa. Kamenge na Kinama kukawa kwa watu wa upande mmoja, Ngagara na Musaga kukawa kwa watu wa upande mwingine, na mtu aliyekosea njia aliweza kulipa kwa uhai wake. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ndiko watu walikoendelea kuishi wakiwa wamechanganyika. Wengi wenu mlitoka katika mitaa hiyo mkiwa na mafurushi kichwani. Hatuna haja ya kuwaeleza.

Tarehe 25 Julai mwaka 1996, michezo ya Atlanta ikiwa inaendelea, jeshi liliangusha serikali mjini Bujumbura. Rais Sylvestre Ntibantunganya alikuwa ameshakimbilia kwenye makazi ya balozi wa Marekani, na Pierre Buyoya akakaa kwenye kiti cha urais kwa mara ya pili. Tarehe 31 Julai viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo.

Hatuandiki siasa katika kurasa hizi. Tunataka tu tuone mambo mawili yaliyotokea katika wiki hizo chache kwa watu wa nchi moja. Mjini Bujumbura kiti kilichukuliwa kwa nguvu. Atlanta nafasi iliachwa kwa hiari. Vita yetu, tukiichimba hadi kwenye mzizi, ilihusu nafasi: nani akae serikalini, nani aingie jeshini, mtoto wa nani aende shule, shamba ni la nani. Hata amani ilipotafutwa, mapatano yaliyotiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti mwaka 2000 yalijaa habari za kugawana nafasi, hata jeshini, kwamba kabila moja lisizidi nusu. Hiyo ilikuwa kazi ya lazima, nasi tunaishukuru. Lakini karatasi inaweza kumzuia mtu asichukue nafasi ya mwenzake. Kumfanya aache ya kwake, haiwezi. Hilo linatoka mahali pengine.

Tunajua pia kwamba baadhi ya watu wakisikia majina haya mawili, swali lao la kwanza ni kabila. Tunaomba swali hilo liachwe nje ya mlango wa kanisa pamoja na viatu vyenye matope. Tendo jema halipungui wala haliongezeki kwa kabila la aliyelitenda.

Yaliyotokea Atlanta

Kwizera alikimbia mita 1,500. Hakuvuka mchujo wa kwanza.

Niyongabo alifika fainali ya mita 5,000 jioni ya tarehe 3 Agosti mwaka 1996, siku ya Jumamosi. Kwa saa za Bujumbura ulikuwa usiku wa kuamkia Jumapili, siku ya ibada. Katika mwisho wa mbio aliwakimbia wenzake, akashinda kwa dakika 13 na sekunde 7.96. Wa pili alikuwa Paul Bitok wa Kenya kwa dakika 13 na sekunde 8.16, na wa tatu Khalid Boulami wa Moroko kwa dakika 13 na sekunde 8.37. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya Burundi katika Olimpiki, na ilikuwa ya dhahabu.

Hapa ndipo wale wa jibu la pili wanaposhangilia. Wanasema: mnaona? Aliacha shaba, Mungu akampa dhahabu! Nasi tumesikia habari hii ikihubiriwa hivyo. Tunaomba tuwe waangalifu, kwa sababu tatu.

Kwanza, Niyongabo alipoacha nafasi yake hakujua atashinda. Tofauti kati yake na Bitok ilikuwa sehemu mbili za kumi za sekunde, ni kama kufumba jicho. Kama Bitok angemshinda, je, tendo la Niyongabo lingekuwa baya? Kama angekuwa wa mwisho, je, tungesema alikuwa mjinga? Tukisema ndiyo, basi hatukusifu ukarimu wake, tumesifu bahati yake.

Pili, tumtazame huyo Bitok. Mwaka 1992 kule Barcelona alikuwa wa pili katika mita 5,000. Mwaka 1996 akawa wa pili tena. Mara mbili alikosa dhahabu kwa chini ya sekunde moja. Naye alifanya kazi. Naye aliamka alfajiri. Au tumtazame El Guerrouj, ambaye jioni ile ile ya fainali ya mita 1,500 aligongana na Morceli katika mzunguko wa mwisho, akaanguka, akafika wa mwisho. Jasho lina heshima yake na Mungu analiona, lakini hatuna ahadi kwamba kila jasho litalipwa medali uwanjani.

Tatu, miaka minne baadaye, mwaka 2000 kule Sydney, Niyongabo alikimbia tena mita 5,000, akatoka katika mchujo. Je, Mungu alimwacha? Je, zawadi aliyompa mwenzake ilikuwa imekwisha muda? Hapana, wapendwa. Miguu ya mwanadamu huchoka na kuumia. Mungu si mwenye duka ambaye tunampa nafasi moja naye anaturudishia mbili. Anayehubiri hivyo anawafundisha watu kufanya biashara na kuiita sadaka. Na siku biashara hiyo isipoleta faida, waumini wetu wanadhani wametenda dhambi, au wanadhani Mungu amelala.

Je, hakuiibia nchi?

Kijana mmoja aliuliza kwa akili sana: kama Niyongabo ndiye aliyekuwa na uwezo wa kushinda mita 1,500, na Kwizera hakuwa na uwezo huo tena, je, si haki yule mwenye kasi akimbie? Je, si amempa mtu kitu asichostahili?

Swali hili ni zito. Tunaamini kwamba bidii lazima iheshimiwe. Mahali ambapo nafasi zinatolewa kwa urafiki na rushwa, watu huacha kujitahidi, na maskini ndiye anayeumia kwanza. Kama Niyongabo angempa nafasi ndugu yake ambaye hajawahi kukimbia, tungekuwa wa kwanza kulalamika.

Lakini Kwizera alistahili. Alistahili mwaka 1988, akastahili mwaka 1992. Deni lake halikulipwa na wale waliopaswa kulilipa, kwa sababu nchi yenyewe haikuwa na mlango. Likaja kulipwa na mtu ambaye hakuwa na deni hilo. Niyongabo hakumpa Kwizera msaada wa mtu mvivu. Alimrudishia mwenzake kitu kilichochelewa miaka minane. Ndiyo maana tunasema tendo lake lilikuwa ukarimu, na lilikuwa pia haki.

Na ukweli kwamba Kwizera hakuvuka mchujo haubadilishi jambo hili. Baba yetu Abrahamu, katika Mwanzo sura ya 13, alikuwa mkubwa, na ndiye aliyepewa ahadi ya nchi. Wachungaji wake walipogombana na wachungaji wa Lutu, alikuwa na haki ya kuchagua kwanza. Akamwachia mpwa wake achague. Lutu akachagua bonde lenye maji, na uchaguzi huo haukumfikisha pazuri. Hata hivyo Biblia haimlaumu Abrahamu kwa kumwachia. Aliyetoa anajibu kwa moyo wa kutoa. Aliyepokea anajibu kwa namna alivyotumia. Tukingoja tuhakikishe kwamba mwenzetu atashinda ndipo tumpe nafasi, hatutampa mtu yeyote nafasi.

Kwizera alipata kitu kimoja ambacho hakuna muda wa saa unaoweza kukipima. Alisimama kwenye mstari wa kuanzia. Jina lake liliitwa pamoja na jina la nchi yake. Sisi ambao majina yetu yameandikwa na kufutwa kwenye vitabu vya watu wengi tunajua thamani ya kuitwa.

Milango hiyo imeendelea kufunguka polepole. Mwaka 2016 kule Rio de Janeiro, kwa mara ya kwanza, iliandaliwa timu ya wakimbizi katika Olimpiki. Ilikuwa na wanamichezo 10. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini, na wawili walikuwa wacheza judo kutoka Kongo yetu. Na katika michezo hiyo hiyo binti wa Burundi, Francine Niyonsaba, alipata medali ya fedha ya mita 800, medali ya pili ya Burundi baada ya miaka 20. Mwaka 1988 mtu asiye na kamati alibaki nje. Mwaka 2016 watu wasioweza kukimbia kwa jina la nchi zao waliingia uwanjani nyuma ya bendera ya Olimpiki. Milango haikufunguka yenyewe. Kuna watu walioona kwamba si haki ikae imefungwa.

Mipaka ya kutoa

Tusije tukafahamika vibaya. Waovu wanaweza kuyachukua maneno haya na kuyageuza. Kwa hiyo tunaweka mipaka.

Mpaka wa kwanza: unatoa kilicho chako. Niyongabo alitoa nafasi yake mwenyewe. Baba wa nyumba hawezi kutoa nafasi ya shule ya binti yake kwa mtoto wa rafiki yake na kuiita sadaka. Kiongozi wa mtaa hawezi kutoa mgao wa mjane. Ukarimu kwa mali ya mwingine jina lake ni wizi.

Mpaka wa pili: nafasi ya namna hii haidaiwi. Hakuna mtu mwenye ruhusa ya kumwendea mwenzake na kumwambia, "Wewe ni Mkristo, niachie." Wala mchungaji asimsukume mtu madhabahuni mpaka aone aibu akatoa. Kutoa ni moyo. Kikitolewa kwa kusukumwa, kimechukuliwa.

Mpaka wa tatu: nafasi haiuzwi. Tunasema wazi juu ya safari za nchi ya tatu. Faili ni ya mtu na jamaa yake, haihamishwi kwa mwingine, na huduma za UNHCR hazilipiwi. Mtu akikuambia anaweza kukupatia nafasi ya mwingine kwa fedha, ni mwongo na ni mwizi, hata kama anaimba vizuri kanisani. Mfano wa Niyongabo hauhusiani kabisa na biashara hiyo.

Mpaka wa nne, na huu vijana wausikie: aliyetoa hakuacha kukimbia. Niyongabo hakukaa jukwaani akisema, "Nimeshatoa, Mungu anijalie." Alichukua mbio ndefu zaidi na ngumu zaidi, akazikimbia kwa nguvu zake zote. Kuna watu wanaoacha nafasi kwa sababu wanaogopa kushindwa, kisha wanaita woga wao unyenyekevu. Kuna kijana anayeacha masomo na kusema amewaachia wadogo zake, kumbe amechoka na hesabu. Huyo hajatoa kitu. Ili uwe na cha kutoa, sharti kwanza ukitafute. Mtu mvivu hana nafasi ya kumwachia mwenzake.

Jibu letu

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho sura ya 9, anafanya jambo ambalo hatukuwahi kulitazama vizuri. Anaanza kwa kuthibitisha kwamba yeye ana haki ya kula kwa kazi yake ya Injili, kama askari, kama mkulima wa mizabibu, kama mchunga kundi. Anaitetea haki hiyo kwa nguvu. Akishaithibitisha, anasema hakuitumia. Na mwisho wa sura hiyo hiyo anazungumza habari za wakimbiaji uwanjani wanaojinyima ili wapate taji. Wengi wetu tumehubiri mwisho wa sura tukaacha mwanzo wake. Lakini mambo hayo yapo pamoja kwa sababu ni jambo moja. Nguvu ile ile inayomfanya mtu ajinyime usingizi ili ashinde ndiyo inayomwezesha kujinyima haki yake ili mwingine aingie. Mazoezi ni yale yale.

Basi jibu letu kwa vijana ni hili. Jasho linatupa haki ya kweli, na aliyetokwa na jasho hapaswi kunyang'anywa. Lakini haki hiyo haiwi minyororo shingoni mwetu. Ni yetu kwa kweli tu ikiwa tuna uhuru pia wa kuiacha. Mtu asiyeweza kamwe kuiachia nafasi yake hamiliki nafasi. Nafasi inammiliki yeye. Tuliona Bujumbura jinsi watu walivyomilikiwa na viti vyao, na gharama yake tuliilipa sisi na watoto wetu.

Hatusemi kila mtu aache kila kitu. Tunasema kila mmoja wetu amtafute Kwizera wake. Pengine ni mama aliyefundisha shule ya Jumapili miaka kumi kule tulikotoka, na hapa hakuna aliyemwuliza, kwa sababu darasa limeshashikwa nawe. Pengine ni mzee aliyekuwa fundi hodari na leo anatazama vijana wakichaguliwa kwa kazi ya ujenzi. Pengine ni familia iliyokuja mwisho, ambayo kila foleni inaikuta imeshafika mwisho. Mtu huyo haombi huruma yako. Alikwishafanya kazi. Anahitaji mstari wa kuanzia.

Ukimwachia, huenda atavuka, huenda hatavuka. Na wewe huenda utashinda mahali pengine, huenda utakosa pande zote mbili. Hatuwezi kukuahidi dhahabu. Tunaweza kukuambia tu kwamba hapo utakuwa umetenda haki na kupenda rehema kwa tendo moja, jambo ambalo Bwana wetu alilitenda kwa ukamilifu alipoacha utukufu wake kwa ajili yetu sisi tusio na mlango.

Kwa mazungumzo ya jioni nyumbani, tunawaachia maswali matatu:

1. Ni nafasi gani tuliyonayo leo kwa jasho letu wenyewe, ambayo tuna uhuru wa kuitoa?
2. Ni nani hapa makazini aliyefanya kazi yote akakosa mlango?
3. Je, tungetoa hata kama tungejua kwamba hakuna atakayeturudishia?

Bwana awabariki na kuwalinda, awape bidii ya kutafuta na moyo wa kuachia. Amina.